Dripu Ikivuja na Mkono Ukaharibika: La Kufanya Wodini, na Namna ya Kudai Haki Uganda

Mkono kuvimba kwa sababu ya dripu, peke yake, si uzembe. Mishipa ya mtoto anayeharisha husinyaa, ya mzee huwa myepesi kupasuka, na hata sista hodari kuliko wote wodini kuna siku sindano itamkosea njia. Uzembe huanza pale mkono unapovimba, mgonjwa analalamika, na dripu inaachwa iendelee kutiririka. Ndiyo maana kesi za namna hii husimama au kuanguka kwa maswali matatu: mgonjwa alilalamika saa ngapi, nani alikuja kumtazama, na dripu ilifungwa saa ngapi? Anayeweza kuyajibu vizuri zaidi mara nyingi ni ndugu aliyekaa kando ya kitanda usiku kucha. Mwongozo huu ni wake kwanza, kisha wa mgonjwa.

Kanula iliyokaa vizuri

Katika hospitali nyingi za Uganda ndugu hutumwa famasi kununua kanula, kile kijibomba chembamba kinachobaki ndani ya mshipa ili dripu ipite. Usinunue ukubwa wowote utakaopewa. Muulize sista rangi. Namba inavyopanda ndivyo kanula inavyokuwa nyembamba: ya njano ni 24, kwa watoto wachanga na mishipa midogo, bluu ni 22, waridi ni 20, inayomtosha mtu mzima anayepewa maji na dawa za kawaida, kijani ni 18, kwa damu na upasuaji, kijivu ni 16 na chungwa ni 14, kwa dharura za kupoteza damu nyingi. Kanula nene kwenye mshipa mwembamba huusugua ukuta wa mshipa hadi ukavimba, kisha ukatoboka.

Mahali bora kwa mtu mzima ni sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, mbali na viungo vinavyokunjwa. Kila mgonjwa anapokunja kiwiko, ncha ya kanula hukwaruza ndani ya mshipa. Upande wa ndani wa kifundo cha mkono una neva karibu sana na ngozi. Upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, hupita neva nyingine ambayo ikichomwa humletea mgonjwa maumivu kama ya shoti ya umeme yanayokimbilia kwenye kidole gumba. Mgonjwa akisema neno hilo, "shoti", sindano itolewe papo hapo, isisukumwe wala kuzungushwa humo ndani. Mguu wa mtu mzima, hasa mwenye kisukari, huepukwa. Huepukwa pia mkono uliopooza na mkono wa upande ambao titi liliondolewa pamoja na tezi za kwapani. Mhudumu mmoja akijaribu mara mbili akakosa, utaratibu mzuri ni kumwita mwenye uzoefu zaidi.

Kosa tunalolitilia mkazo ni la kufunika. Mtoto huwekewa kipande cha boksi la dawa chini ya mkono ili usikunjike, jambo ambalo ni sahihi, kisha mkono mzima unazungushiwa bandeji na plasta hadi vidole havionekani. Mkono unaweza kuvimba mara mbili chini ya bandeji hiyo bila mtu kujua. Omba, kwa adabu lakini bila kuchoka, sehemu ya kanula iachwe wazi au ifunikwe kwa plasta inayopitisha mwanga, na ncha za vidole zibaki nje. Wakati huohuo hakikisha mpira wa kufungia mkono umefunguliwa. Mpira uliosahaulika chini ya nguo ya mtoto umewahi kugharimu watu mikono.

Kuhusu ukaguzi, miongozo ya uuguzi wa dripu inataka kanula ya mtu mzima mwenye fahamu itazamwe angalau kila saa 4, ya mgonjwa mahututi au aliyelazwa kwa dawa za usingizi kila saa 1 hadi 2, na ya mtoto kila saa. Wodi yenye sista mmoja na wagonjwa wengi haiwezi kufikia hapo, na ndiyo sababu jicho la ndugu lina uzito.

Jifunze kusoma kasi pia. Mrija wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, na ule wa watoto wenye kikombe cha kupimia hutoa 60. Chukua mililita, zidisha kwa matone hayo, gawa kwa dakika. Chupa ya mililita 500 iliyoandikiwa saa 4 kwa mrija wa kawaida ni 500 × 20 ÷ 240, karibu matone 42 kwa dakika. Ikipungua kasi yenyewe bila mtu kuigusa, tazama mkono. Lakini ikiendelea kutiririka vizuri usidhani kila kitu ni salama: maji huweza kuingia kwenye nyama kwa kasi ileile. Hata damu kurudi kwenye mrija chupa inaposhushwa si uthibitisho kamili, kwa kuwa ncha inaweza kuwa nusu ndani ya mshipa na nusu nje.

Na usiguse gurudumu la kuongeza kasi ili dripu iishe upesi mwende nyumbani. Mbali na hatari ya maji kujaa mapafuni, siku ya kesi utetezi wa kwanza wa hospitali utakuwa huo: ndugu ndiye aliyechezea dripu. Ruhusa moja tu unayo, nayo ni kuifunga mkono unapovimba na sista hajafika. Ukifanya hivyo, mwambie mara moja.

Kilichokuwa ndani ya chupa

Uzito wa jeraha hutegemea kilichovuja. Maji ya chumvi ya kawaida yakivuja kidogo huleta uvimbe baridi, mweupe, unaoisha kwa siku moja au mbili mkono ukiinuliwa. Kuna dawa nyingine ambazo zikitoka nje ya mshipa huua nyama: kalsiamu glukoneti, potasiamu kloridi, sodiamu baikaboneti, fenitoini ya kifafa, promethazini, dawa za kupandisha presha kama adrenalini na noradrenalini, na dawa za saratani kama doksorubisini na vinkristini. Glukosi kali imo kwenye orodha hiyo, na ndiyo ya kuangaliwa zaidi katika nchi yenye malaria nyingi, kwa kuwa mtoto mwenye malaria kali mara nyingi sukari yake hushuka. Glukosi ya asilimia 50 haifai kusukumwa kama ilivyo kwenye mshipa mdogo wa mtoto. Huchanganywa sehemu moja na sehemu nne za maji safi ya sindano ili iwe asilimia 10, kisha hupewa mililita 5 kwa kila kilo, polepole. Potasiamu nayo haisukumwi kwa bomba la sindano kamwe; huchanganywa kwenye chupa kubwa na kuingia taratibu.

Kwa hiyo usitupe chupa na vichupa vya dawa. Piga picha ya lebo: jina, asilimia, namba ya toleo, na maandishi ya kalamu yanayoonyesha kilichoongezwa ndani na saa. Bila hiyo, baadaye hakuna atakayeweza kusema kama mkono ulikutana na maji ya chumvi au na potasiamu.

Dakika za kwanza

Mgonjwa akisema panachoma, au mtoto akilia kila dripu inapofunguliwa, au ukiona uvimbe, ngozi kukaza, weupe, wekundu au malengelenge:

1. Dripu ifungwe. Tazama saa na uiandike.
2. Muite sista na utaje unachokiona, si hisia zako: "Mkono umevimba kutoka hapa hadi hapa, vidole ni baridi."
3. Kanula isichomolewe kwa pupa. Ikiwa kilichovuja ni dawa kali, mhudumu huondoa mrija, huunganisha bomba tupu la sindano kwenye kanula na kuvuta nje dawa yote inayoweza kutoka, ndipo kanula inatolewa. Kusukuma maji ya kusafisha kupitia kanula hiyo ni kosa, kwani huitandaza dawa.
4. Mpaka wa uvimbe uchorwe kwa kalamu juu ya ngozi, na saa iandikwe kando ya mstari. Hapo hutakuwa na ubishi kama uvimbe unapanda au unashuka.
5. Mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Usiukande wala kuupaka dawa ya kuchua.
6. Daktari aamue baridi au joto. Kwa dawa nyingi kitambaa baridi cha dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, husaidia. Kwa vinkristini na dawa za kupandisha presha baridi huongeza madhara, na joto ndilo hutumika. Kubahatisha hapa ni hatari.
7. Tukio liandikwe kwenye faili: dawa, kiasi kilichokadiriwa kuvuja, hali ya ngozi, mapigo kwenye kifundo, na jina la daktari aliyeitwa.

Hatua ya saba ndiyo hukosekana mara nyingi kuliko zote, na kukosekana kwake ndiko kunakofichua mengi mahakamani.

Mkono ukikaza: saa zinahesabika

Maji mengi yakijaa ndani ya utando unaofunika misuli, shinikizo hupanda mpaka damu haipiti. Dalili ya kwanza si vidole kuwa vyeusi. Ni maumivu yaliyozidi kipimo, yasiyotulizwa na dawa, na yanayopamba moto mtu mwingine anapomnyoosha mgonjwa vidole. Mkono huwa mgumu kama ubao, kisha huja ganzi. Mapigo kupotea huja mwisho kabisa, kwa hiyo daktari anayesema "mapigo yapo, subirini asubuhi" hajamaliza uchunguzi. Misuli huanza kufa ndani ya saa 4 hadi 6, na baada ya kama saa 8 uharibifu mara nyingi haurudi. Tiba ni upasuaji wa kupasua ngozi na utando huo ili kuachia shinikizo, na plasta na bandeji zote huondolewa wakati wa kusubiri.

Kama ni kituo cha afya cha ngazi ya tatu (Health Centre III), hapana chumba cha upasuaji. Dai lako ni rufaa mara moja, kwa barua yenye saa, kwenda kituo cha ngazi ya nne chenye daktari wa upasuaji au hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa jeraha lililokwisha kuua ngozi, Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu jijini Kampala ina kitengo cha majeraha ya moto na upasuaji wa kurekebisha maumbile, na hospitali ya CoRSU kwenye barabara ya Entebbe hufanya upasuaji wa namna hiyo, hasa kwa watoto. Jeraha la dawa kali hudanganya: siku ya kwanza ni wekundu tu, ngozi huweza kuoza siku au wiki baadaye. Usikubali kuruhusiwa bila tarehe ya kurudi.

Dalili nyingine ya kukimbilia: dawa iliyopigwa kwa bahati mbaya kwenye mshipa unaotoa damu moyoni badala ya unaorudisha. Mgonjwa hupiga kelele papo hapo, vidole hugeuka weupe au zambarau ndani ya dakika. Na mshipa uliokuwa mwekundu, mgumu kama uzi chini ya ngozi, ukifuatiwa na homa na kutetemeka, unamaanisha vijidudu vimeingia kwenye damu. Kanula itoke siku hiyohiyo.

Kuandika

Nchini Uganda rekodi nyingi huandikwa kwenye daftari la shule ambalo mgonjwa hulinunua mwenyewe. Daftari hilo ni lako. Lipige picha kila ukurasa kila jioni, na usimpe mtu yeyote nakala halisi bila kubaki na picha. Mkono nao upigwe picha kwa mwanga wa mchana, na sarafu au rula kando yake kuonyesha ukubwa, kila siku mahali palepale.

Kwenye karatasi yako andika tarehe, saa, ulichosema, uliyemwambia, na alichojibu. Kama hujui jina la sista, andika zamu na sare. Jambo moja tunawasihi wasemaji wa Kiswahili: andikeni saa kwa namna mbili. Mahakama na mabaraza hufanya kazi kwa Kiingereza, na "saa nne usiku" ikitafsiriwa kwa haraka huwa saa nne ya Kizungu, yaani saa kumi ya kwetu. Ushahidi wako utagongana na chati ya hospitali na utaonekana mwongo. Andika "saa 4 usiku, 22:00", kila mara.

Kisha omba rekodi za hospitali kwa barua, upate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Taja unachotaka: chati ya maji yaliyoingia na kutoka, chati ya dawa, chati ya vipimo, maelezo ya wauguzi, kitabu cha kukabidhiana zamu, fomu ya ridhaa, barua ya rufaa na ripoti ya upasuaji. Kwa hospitali ya serikali, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba na inaipa taasisi siku 21 kujibu. Kwa hospitali binafsi, tumia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayompa mtu haki ya kuona taarifa zake mwenyewe. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Wizara ya Afya nao unaitambua haki hiyo. Omba mapema, kabla hasira haijafika mezani kwa mkurugenzi. Faili "hupotea" zaidi baada ya wakili kuandika.

Wapi pa kupeleka malalamiko

Anza na msimamizi wa wodi na mkurugenzi wa hospitali, kwa maandishi. Isipofua dafu, angalia aliyekosea ni nani. Lalamiko juu ya daktari huenda Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Muuguzi na mkunga, Baraza la Wauguzi na Wakunga. Afisa kliniki na mtu wa maabara, Baraza la Wataalamu Shirikishi wa Afya. Yote yako Kampala. Mabaraza haya huweza kumsimamisha mtu au kumfuta kwenye daftari la wataalamu, lakini hayakulipi fidia. Uamuzi wao hata hivyo huwa msaada mkubwa kwenye kesi. Tume ya Haki za Binadamu Uganda hupokea malalamiko bila malipo, ina ofisi mikoani, na baraza lake la hukumu linaweza kuamuru fidia.

Polisi ni mlango mwingine, maana tiba ya kizembe inayohatarisha uhai ni kosa la jinai. Fikiri kabla ya kuuingia. Kwa jeraha la dripu, kumfunga sista wa zamu ya usiku aliyekuwa peke yake hakurudishi mkono, na wenzake wote hufunga midomo. Mwenye wajibu wa kuajiri watu wa kutosha ni hospitali, na ndiyo yenye uwezo wa kulipa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiona serikali ya wilaya ya Nakaseke inawajibika kwa kifo cha mama aliyekuja kujifungua, daktari wa zamu akiwa hayupo. Kesi hiyo, iliyosimamiwa na CEHURD, shirika linalotetea haki ya afya, ilikuwa juu ya mwenye hospitali.

Mgonjwa akifariki, omba uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, hata kama taratibu za dini zinataka haraka. Uchunguzi hufanyika kwa saa chache, na baada ya kuzika gharama na uchungu wa kufukua ni kazi nyingine kabisa.

Kesi yenyewe

Wakili atatafuta mambo manne: kwamba hospitali ilikuwa na wajibu wa kumtunza mgonjwa, kwamba ilishuka chini ya kiwango cha mtaalamu wa kawaida, kwamba kushuka huko ndiko kulikoleta jeraha, na kwamba kuna hasara. La tatu ndilo gumu. Hospitali itasema mkono ungevimba hata hivyo. Jibu ni saa zako: uvimbe wa sentimita tatu uliporipotiwa saa 2 usiku, na dripu iliyofungwa saa 11 alfajiri mkono ukiwa umevimba mpaka begani, ni majeraha mawili tofauti. Utahitaji daktari bingwa asiye wa hospitali hiyo aeleze hivyo kwa maandishi, na yeye asome chati, si maelezo yako tu.

Muda haungoji. Dhidi ya serikali au serikali ya wilaya, kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 2. Dhidi ya hospitali binafsi, ndani ya miaka 3 kwa jeraha la mwili. Kwa serikali, mawakili hutanguliza ilani ya maandishi ya siku 45. Mahakama zimelegeza sharti hilo, lakini kulitimiza kunakuondolea ubishi. Sheria humwongezea mtoto muda, ila usiutegemee, kwa sababu sista huhama na chati huliwa na mchwa. Madai yasiyozidi shilingi milioni 50 huenda kwa hakimu mkuu, zaidi ya hapo Mahakama Kuu, na kanuni za 2013 hupeleka kesi za madai kwenye usuluhishi kwanza.

Gharama ulizotumia hulipwa kwa risiti: dawa, upasuaji, nauli ya boda, ujumbe wa malipo ya simu. Weka vyote kwenye bahasha moja. Asiye na pesa ya wakili aulize Justice Centres Uganda, FIDA Uganda kwa wanawake na watoto, au mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili Uganda.

Mara nyingi hospitali binafsi hujitolea kufuta bili na kuongeza kitu kidogo ili mtie sahihi karatasi ya kuyamaliza. Msitie sahihi kabla daktari wa upasuaji hajaandika vidole vinakunjuka kiasi gani na upasuaji wa mara ngapi umebaki. Mtoto wa miaka miwili aliyepandikizwa ngozi kwenye kifundo atakua, kovu halikui naye, na huenda akahitaji kufunguliwa tena na tena mpaka utu uzima. Gharama ya upasuaji huo wote ndiyo inayopaswa kuwa mezani.